Wembamba wa waya zetu una historia

Kila mtu hapa mpakani ana maoni kuhusu taa. Nunua za Japan, achana na za Uchina, weka nyeupe, weka njano za ukungu, panga sita mbele kama lori la Mombasa. Lakini muulize mtu ameziwasha kwa waya gani, atakuangalia kama umemuuliza rangi ya soksi za makanga. "Waya ni waya, bana." Hiyo sentensi ndiyo nataka kubishana nayo leo, na nitabishana nayo kwa historia. Waya tunazofunga kwa magari Busia na Malaba ni nyembamba kwa sababu, na sababu zenyewe zina umri wa miaka sitini na zaidi. Si ujinga wa mafundi wetu. Ni urithi.

Hesabu moja kwanza, halafu nitawaacha mpumue. Kinachoipasha waya joto ni ampea, yaani wingi wa stima inayopita ndani yake. Ukichukua wati za taa ukagawa kwa volti za betri, unapata ampea. Taa ya wati 55 kwa betri ya 12V inavuta karibu ampea 4.6, kwa hivyo mbili ni 9.2. Na joto haliongezeki sawa na ampea. Ampea zikizidi mara mbili, joto kwa waya ile ile linazidi mara nne. Shikeni hiyo ya mara nne, tutairudia.

Sasa twende kwa baiskeli.

Kila msee wa hapa anajua neno bodaboda lilizaliwa wapi. Miaka ya 1960, mtu akishuka basi upande wa Kenya alikuwa na kipande kirefu cha kutembea kati ya geti la kwanza na la pili, na mizigo, na jua la mchana. Vijana wenye baiskeli wakaanza kumbeba kwa keria, boda hadi boda, na jina likashika mpaka Kampala, mpaka Dar. (Busia na Malaba bado wanagombania nani alianza. Mimi ni wa Busia, kwa hivyo jibu langu mnalijua na sitalijadili.)

Baiskeli zile nzito nyeusi, Black Mamba, zilifungwa dainamo: kichupa cha chuma kinachoegemea tairi, tairi ikizunguka nacho kinazunguka. Kawaida yake ni 6V na wati 3. Gawanya. Ni nusu ampea. Nusu ampea inapita kwa uzi mwembamba wa shaba na hata usisikie joto ukiushika. Tena waya ilikuwa moja tu: stima inaenda kwa taa kupitia waya, inarudi kupitia chuma cha fremu. Gari lako linafanya hivyo hivyo mpaka leo, waya inapeleka moto, bodi inarudisha.

Lakini kuna kitu kingine dainamo ilifundisha, na hiki kwangu ndicho kikubwa. Dainamo haiwezi kutoa zaidi ya uwezo wake. Waya ikichubuka ikagusa fremu, imeshoti, na kinachotokea ni nini? Taa inazima. Basi. Hakuna moshi, hakuna cheche, hakuna plastiki inayoyeyuka. Unashuka, unafunga kitambaa au tepu, unaendelea na abiria wako. Kwa hivyo watu wa kwanza hapa waliozoea kushika waya kila siku walijifunza kwamba shoti maana yake ni giza. Betri ya gari haijui sheria hiyo. Betri ya gari dogo ikishotiwa inaweza kutema mamia ya ampea kwa mpigo mmoja, na waya nyembamba inageuka koili ya jiko la stima. Fyuzi iliundwa kwa ajili ya sekunde hiyo. Baiskeli haikuhitaji fyuzi, na tabia ya kutohitaji fyuzi ikarithiwa.

Wakati huo huo magari yenyewe yalikuwa na utamaduni tofauti kabisa wa waya. Magari ya Uingereza yaliyojaa huku, Land Rover, Bedford, Austin, yalitumia vifaa vya Lucas. Huko Uingereza wenyewe walikuwa na mzaha wa kumwita Lucas Mfalme wa Giza kwa jinsi taa zake zilivyozima. Kwa waya lakini, walikuwa na mpango. Waya ya gari iliuzwa kwa kuhesabu nyuzi: 14/012 ilikuwa na nyuzi 14, kila mmoja unene wa inchi 0.012. Halafu 28/012, halafu 44/012. Vipimo vya milimita vilipokuja, hizo zikawa 14/0.30, 28/0.30 na 44/0.30, yaani milimita 1, 2 na 3 za mraba. Fundi wa zamani hakusema "nipe waya." Alisema nipe ya kumi na nne au nipe ya arobaini na nne, na alijua ya kumi na nne ni ya taa ndogo.

Na rangi pia. Kuna mzee mmoja Malaba, fundi tangu enzi za Peugeot 404, aliyenikariria kama sala ya asubuhi: kahawia ni moto wa kila saa, nyeusi ni bodi, buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeupe ni ya ufunguo, kijani ni ya vifaa vinavyopitia fyuzi baada ya ufunguo. Hiyo ni Lucas tupu. Shida ni kwamba leo asubuhi hiyo hiyo anafungua Toyota, ambako bodi mara nyingi ni nyeupe yenye mstari mweusi, na waya nyeusi yenye mstari wa njano au mwekundu inaweza kuwa imebeba moto. Kwa hivyo mzee ana taa ya kupimia mfukoni na haamini rangi yoyote. Namheshimu sana kwa hilo.

Kitu kingine tunachosahau ni kwamba magari ya miaka ya 1950, mengi yalikuwa ya 6V. Volkswagen ile ya kobe ilikuwa 6V mpaka katikati ya miaka ya 1960. Taa ile ile kwa 6V inavuta ampea mara mbili ya 12V, kwa hivyo kiwanda hakikuwa na ujanja, kilifunga shaba nene. Volkswagen ya 6V ndiyo iliyotamba kwenye Coronation Safari ya kwanza mwaka 1953, mashindano yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika na baadaye yakaitwa Safari Rally. Usiku, matope, ng'ombe barabarani, na taa za ziada mbele. Ukiona picha za zamani za Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, angalia sura ya gari: chuma cha kuzuia wanyama, na juu yake safu ya taa. Kwa maoni yangu ile sura ndiyo tunayoiga mpaka leo bila kujua. Kila Probox yenye taa nne kwa bampa pale steji ni mjukuu wa Safari. Ila tuliiga taa tu. Yale magari ya rally yalikuwa na waya nene, rilei na fyuzi nyuma ya kila taa, na hiyo sehemu haionekani kwa picha.

Halafu ikaja 1972. Agosti ya mwaka huo Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Walipotoka, biashara nyingi zilizoleta bidhaa kutoka nje zilianguka, na spea zikawa moja ya vitu adimu upande wa pili. Hapa mpakani maisha yakageuka. Magendo ikawa kazi yenye jina lake. Wazee wanasimulia zaidi kahawa, hasa 1976 na 1977 wakati baridi kali iliyoharibu mashamba ya Brazil ilipopandisha bei na Chepkube ikajaa pesa kama maji. Lakini mfikirie dereva wa Tororo au Mbale miaka hiyo, gari lake limezima taa, duka hakuna. Anatumia nini? Chochote chenye shaba ndani. Waya ya redio, waya ya simu, waya iliyotolewa kwa gari lililokufa. Ufundi wa kuunganisha vipande vipande, kupinda nyuzi kwa vidole na kufunga tepu, ulizaliwa kwa njaa ya spea na ulikuwa ufundi wa kweli. Uliweka magari barabarani. Njaa iliisha, ufundi ukabaki, na sasa unatumika mtaa ambao maduka ya spea yamepangana kama meno.

Tukitoka Busia tukienda Malaba, darasa linabadilika. Busia ilifundishwa na baiskeli, Malaba ilifundishwa na lori. Barabara kuu ya kutoka Mombasa inapita hapo kuelekea Kampala, Kigali na Kongo, na mtu yeyote aliyekaa Malaba anajua foleni ni nini. Kabla kituo cha pamoja cha forodha hakijaanza kazi, dereva angeweza kulala kwa lori siku kadhaa. (Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na Uhuru na Museveni Februari 2018.) Halafu 2020, vipimo vya korona kwa madereva vikarudisha foleni ya kilomita kwa kilomita. Mtu anayeishi ndani ya lori anataka feni, redio, chaji ya simu, kataa ka kusomea, wengine TV. Kwa hivyo Malaba ikazaa mafundi wa kila aina wanaotembea na begi mgongoni kutoka lori hadi lori. Kazi iko mlangoni, foleni ndiyo ofisi.

Lori ni 24V, betri mbili za 12V zimefungwa mfululizo. Taa ya wati 70 kwa 24V inavuta ampea 2.9 tu. Weka mbili, hujafika hata 6. Wati hizo hizo kwa gari dogo la 12V ni karibu ampea 12. Sasa rudi kwa mara nne tuliyosema. Waya iliyokaa baridi kwa lori, ukiipeleka kwa Probox na mzigo ule ule wa wati, joto lake linakuwa mara nne. Fundi hajakosea kwa lori. Amepima kwa jicho, jicho lake limezoea 24V, na jicho hilo linavuka barabara kuja kwa gari dogo.

Lori pia lina mtego wake. Redio na chaji nyingi ni za 12V, na njia ya mkato ni kutoa waya katikati ya zile betri mbili, kunyonya moja tu. Inafanya kazi, kwa muda. Betri inayonyonywa inabaki na njaa, mwenzake anapokea chaji kupita kiasi mpaka anachemka na kukauka maji. Baada ya miezi michache dereva ananunua betri mbili na kulaani kampuni ya betri. Kifaa cha kushusha 24V kuwa 12V kinapatikana dukani, na mafundi wazuri wa Malaba siku hizi wanakataa kufanya ile njia ya mkato hata ukiwapa pesa. Kwa tanka la mafuta hata usifikirie. Hayo yanapita hapa kila siku kwenda Uganda, na ndio maana tanka lililoundwa vizuri lina swichi kubwa ya kukata betri nje ya kabini.

Kabla niachane na mambo ya volti, kuna waya moja hapa mpakani ambayo sisi wote tumepita chini yake bila kuifikiria. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa 1954, na miaka michache baadaye Kenya ikaanza kununua stima kutoka Uganda kupitia laini ya 132 kV iliyotoka Tororo, ikavuka mpaka kuelekea Lessos na Nairobi. 132 kV ni volti 132,000. Wameipandisha hivyo kwa sababu ile ile ya lori: volti ikipanda, ampea zinashuka, na waya nyembamba inatosha kubeba mzigo mkubwa mamia ya kilomita. Hiyo ndiyo fizikia yote niliyotoka nayo chuo kabla ada haijanikataa mwaka wa pili, na nilikuwa nimeiona kwa macho tangu utotoni. Watu wengi walioishi chini ya laini hizo waliendelea na koroboi kwa miongo. Stima ilikuwa inawapita juu kama ndege ya Wazungu.

Basi, baiskeli ilitufundisha waya nyembamba bila fyuzi. Magendo ilitufundisha kuunganisha chochote. Lori lilitufundisha jicho la 24V. Ungetarajia magari madogo yangewaka kila wiki, na kweli enzi za taa za halojeni fundi mbaya alijulikana haraka. Taa za wati 55 mbili, tuseme waya inatoka betri inapita swichi ya dashibodi mpaka bampa, mita 5. Ukitumia waya ya nusu milimita ya mraba, zaidi ya volti moja na nusu inapotea njiani. Halojeni haisamehe volti: ikishuka kutoka 12 hadi karibu 10.4, unapoteza zaidi ya theluthi ya mwanga. Mteja anarudi kesho yake akilalamika taa ni za kahawia. Fundi anajifunza, au anafunga kibanda. Taa yenyewe ilikuwa polisi wa waya.

Halafu LED zikaja zikamstaafisha huyo polisi.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ndipo kizazi chetu kinaingia. LED ya buluu yenye mwanga wa kutosha ilitengenezwa Japan mwanzoni mwa miaka ya 1990, wenyewe wakapewa Nobel 2014, na ndiyo iliyowezesha taa nyeupe za LED. Lexus ikaziweka kwa taa kubwa za mbele mwaka 2007. Miaka michache baadaye zile za mraba za wati 18 zikawa zinauzwa hapa barabarani kama njugu. Mbili ni wati 36, ampea 3. Waya ya nusu milimita inabeba hiyo bila shida kubwa. Tena taa nyingi za LED zina sakiti ndani inayosawazisha, hata volti ikipungua kidogo mwanga hauyumbi. Kwa hivyo waya mbaya inaonekana nzuri. Mteja anafurahi, fundi anapata sifa, waya inabaki.

Na inabaki ikingoja. Mwezi ujao mteja anaongeza ile taa ndefu ya juu ya paa, wati 120, ampea 10. Inaungwa wapi? Kwa waya ile ile, "si iko hapo tayari." Halafu honi ya hewa. Halafu amplifaya ya mziki, ambayo ikipiga besi inaweza kuvuta ampea 25 au zaidi peke yake. Hakuna siku hata moja ambayo mtu aliamua kupitisha ampea 40 kwa waya ya spika. Ilijengeka kidogo kidogo, kila hatua ikionekana ndogo. Probox ya jirani yetu iliungua dashibodi yote namna hiyo mwaka jana, saa mbili usiku, steji, abiria wakiwa bado wanapanda. Walitoka wote wazima. Lilikuwa gari la mkopo. Jamaa bado analipa gari ambalo sasa ni banda la kuku, na hilo si utani, kuku wako ndani.

Ongeza jambo la shaba. Shaba ni ghali, na tuliona Januari 2022 jinsi mambo ya chuma chakavu yalivyo mazito, minara ya laini kubwa ilipoanguka, nchi ikazima, wizi wa vyuma ukalaumiwa na serikali ikasimamisha biashara ya skrapu kwa miezi. Viwanda vya waya rahisi vimepata njia: uzi wa alumini umepakwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwa nje ni nyekundu kama shaba, ndani ni nyeupe. Unapitisha stima kama theluthi mbili tu ya shaba halisi, kwa hivyo waya iliyoandikwa 1.5 inafanya kazi ya 1. Na unakatika haraka ukipindwa pindwa, kitu ambacho gari linafanya kila siku kwa barabara zetu. Kuigundua ni rahisi. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe, rudisha. Au shika uzi mmoja kwa kiberiti cha gesi: alumini inalegea na kukatika haraka, shaba inakuwa nyekundu na kusimama. Mwenye duka akikukataza kujaribu, umeshapata jibu.

Kuna pia wale wanaonunua waya ya kuwaya nyumba, ile ngumu yenye uzi mmoja, kwa sababu shaba yake ni nzuri. Shaba ni nzuri kweli. Lakini nyumba haitikisiki. Uzi mmoja mnene kwa gari linalopita Busia hadi Mumias kila siku utavunjika ndani ya plastiki na hutaona mahali. Ndio maana wale wa Lucas walihesabu nyuzi nyingi nyembamba. Na kwa waya za Uchina zenye namba ya AWG kumbuka namba inaenda kinyume, 18 ni nyembamba kuliko 14. Nimeona mtu akilipa zaidi kwa 18 akidhani amepata nene.

Nduthi ni hadithi fupi na ya kusikitisha kidogo. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na kwa miaka michache baiskeli za boda zikasukumwa kando. Mpanda boda aliyezoea dainamo ya wati 3 akapata injini inayozalisha kama wati 100 hivi. Aliona ni utajiri. Taa sita, redio, mistari ya LED ya rangi chini ya kiti, chaji mbili za simu. Lakini wati 100 ndizo zote, na taa kubwa, breki na plagi vinakula humo humo. Akizidisha, betri ndogo inamalizika polepole, na usiku mmoja kati ya Alupe na mjini taa ya mbele inafifia akiwa amebeba mama na mtoto. Hapo hata waya nene haisaidii. Kisima kimekauka, kupanua bomba ni kazi bure.

Kwa gari, hata hivyo, dawa inajulikana na ni ya zamani. Ingia kibanda chochote Malaba uombe rilei ya pini nne, angalia chini: 30, 85, 86, 87. Hizo namba ni za Wajerumani, kanuni yao ya DIN 72552, zilisambaa duniani na vifaa vya Bosch na wenzake, na leo fundi ambaye hajawahi kusikia jina la kanuni hiyo anazitaja kama namba za simu. 30 ni moto kutoka betri. 87 ni kwenda taa. 85 na 86 ni koili ndogo inayoamriwa na swichi. Maana yake waya nyembamba inabeba amri tu, na waya nene inabeba kazi, na safari ya waya nene inakuwa fupi, betri hadi bampa bila kuzunguka dashibodi. Kwangu mimi rilei ndiyo makubaliano ya amani kati ya baiskeli na lori. Wembamba umepewa kazi yake ya halali.

Taa mbili za halojeni, tumia milimita 2.5 ya nyuzi nyingi, ile volti moja na nusu iliyokuwa inapotea inabaki chini ya 0.4. Taa za LED ndogo, milimita 1 inatosha, ila vuta 2.5 mapema kama unajijua tamaa yako. Amplifaya ivutiwe waya yake peke yake kutoka betri, nene kama kidole kidogo, isigusane na ukoo wa taa. Fyuzi ikae karibu na betri kabisa, sentimita chache, kwa sababu fyuzi inalinda waya iliyo mbele yake tu. Ukiiweka karibu na taa, mita zote za katikati hazina mlinzi. Zile za plastiki zenye rangi zilianza miaka ya 1970 na rangi zake ni zile zile kila mahali: nyekundu 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi ya 10 ikiungua, mtu akaweka ya 30 "ndio isisumbue," amebadilisha mlinzi kwa picha ya mlinzi. Na karatasi ya sigara, wazee wangu, hapana.

Kwa bodi usifunge tu kwa skrubu yoyote yenye kutu na rangi. Sugua mpaka chuma king'ae. Nusu ya taa zinazodaiwa kuwa feki hapa mtaani zina bodi mbaya.

Yote hii inagharimu labda mara tatu ya kile makanga alichopanga kulipa, na fundi anayefanya hivi anapoteza wateja kwa yule wa kibanda cha pili anayemaliza kwa dakika ishirini. Nimewauliza mafundi wanne kwa nini hawakatai kazi ya haraka. Mmoja alinijibu kwamba mteja analipia mwanga, hakuna mtu amewahi kulipia waya.

Sasa pikipiki za umeme zimeanza kuzoeleka Kenya na Uganda, na nyingi zinatembea kwa betri za 60V au 72V. Taa, honi na chaji ya simu bado ni za 12V, zinalishwa na kifaa kidogo cha kushusha volti kilichofichwa chini ya kiti, chenye uwezo wake mdogo kilichopangiwa na kiwanda. Wiki mbili zilizopita nilimkuta kijana amefungua kiti cha nduthi ya aina hiyo, ameshika taa mbili za mraba na roli ya waya ya spika, anatafuta mahali pa kunyonya. Alikuwa ameshachubua waya ya betri kubwa. Nilimwomba anionyeshe taa imeandikwa volti ngapi, tukaigeuza tukasoma pamoja: 10 hadi 30. Akaangalia betri. Akaangalia taa. Akachukua tepu akafunga alipochubua.